Kiganja cha Githigu

Watu wa kijiji cha Theta wanaomjua Waruguru vizuri watakwambia mambo mawili kumhusu. La kwanza, hakuna mwanamke wa rika lake anayeshika jembe kama yeye, na ana miaka sitini na mbili. La pili, ana mkono wa birika. Lile la kwanza hulisema mbele yake. La pili husubiri kwanza afunge geti nyuma yake.

Shamba lake ni ekari moja na robo, na siku hizi limebanwa kila upande. Juu yake kuna ghorofa ya kupangisha, nguo zimeanikwa kila dirisha. Kulia, mtu wa Nairobi amezungusha ukuta, akaotesha nyasi, na huja kuzitazama mara mbili kwa mwaka. Waruguru anapopalilia asubuhi, wapangaji husimama kwenye roshani na vikombe vyao vya chai wakimtazama kama wanatazama televisheni. Alipoolewa hapa hali haikuwa hivi. Mahindi yalianzia mlangoni yakateremka hadi mtoni, shamba limeshikana na shamba, na aliyetaka kumtembelea jirani alizama ndani ya mabua akatokea upande wa pili nywele zimejaa chavua. Watoto walijificha humo wakatafutana mpaka wakaitwa kula. Watu wazima waligombana humo na kuombana msamaha humo, na wapo waliotungiana mimba humo ambao leo ni wazee wa kanisa, wasijifanye hawajui.

Katika shamba hilo, chini kabisa karibu na mto, kulikuwa na kipande kisichozidi ukubwa wa nyumba ambacho kila mwaka kilipandwa githigu. Githigu si mahindi ya dukani. Bua lake ni fupi, na ukimenya maganda unakuta punje nyeupe zimechanganyika na za zambarau, nyekundu na nyeusi, kila muhindi na mpangilio wake. Haijazi magunia. Afisa mmoja wa kilimo aliyepita hapo alicheka akasema hiyo ipelekwe makumbusho. Lakini ukiipika irio ya kupondwa, au ukiisaga ukachachusha uji, mtu mzima hunyamaza kwanza ndipo apate neno la kusema.

Aliyeileta katika boma hilo ni Wangeci, mama mkwe wa Waruguru, naye aliipata kwa mama yake. Hapo ndipo kuna kisa. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, watu walipotolewa mashambani wakarundikwa katika vijiji vyenye mahandaki, na mahindi marefu ya kando ya barabara yakafyekwa kabla hayajakomaa ili wapiganaji wasipate pa kujificha, mama huyo alishona punje za githigu katika pindo la nguo yake. Kila jioni askari walimpekua getini. Walipapasa kikapu, wakapapasa kichwa, na hakuna hata mmoja aliyefikiria pindo. Wangeci alikuwa msichana wakati huo, na alisimulia kisa hicho kila msimu wa kupanda bila kuruka neno, na ole wake aliyekohoa katikati.

Kwa miaka mingi Wangeci hakumpenda Waruguru. Alisema hadharani kwamba chai yake ni maji ya kusuuzia vikombe. Alimwachia apalilie shamba zima isipokuwa kile kipande cha mtoni, akidai mkono wake ni mzito. Gachau, mumewe Waruguru, alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa aina ile ya kutoka nje kwenda kutazama ng'ombe kila mama yake alipofungua kinywa. Waruguru alilia sana miaka hiyo, na mara nyingi alilia ndani ya mahindi, kwa sababu humo hakuna aliyemwona.

Kisha magoti ya Wangeci yakakataa kazi. Siku moja alimwita mkaza mwana wake jikoni, kile kijumba cha mabanzi kilichokuwa cheusi kwa masizi tangu chini mpaka juu. Waceke, binti yake wa kumzaa, alikuwa amekaa pale kwenye kigoda na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa ameachika, amepanga chumba katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu kule Thika, na anafanya kibarua cha kupalilia mananasi. Wangeci akanyoosha mkono juu ya mafiga, ambako mihindi ya mbegu ilikuwa imefungwa miwili miwili kwa maganda yake na kutundikwa kwenye kamba. Akasema kuanzia siku hiyo mbegu ni ya Waruguru, aitundike pale pale ilipokuwa ikitundikwa siku zote, na asiiache ife.

Waruguru alihisi kana kwamba ameolewa upya. Hakumtazama Waceke usoni. Angemtazama, angeona mtu aliyezaliwa katika nyumba ile akipitwa na mbegu ya bibi yake mzaa mama kwa sababu tu hakuwa na mahali pa kuipanda.

Wangeci alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, Waceke alibaki siku tatu baada ya mazishi kusaidia kuosha masufuria. Siku ya kuondoka alikuja kwa wifi yake, mikono ingali na povu, akaomba.

"Mama Eddie, nipe hata kiganja kimoja cha githigu ya mama. Kule nyuma ya nyumba kuna kipande kando ya mto, watu hupanda sukuma wiki. Nitapanda hapo."

Waruguru alijibu papo hapo, na wanawake wote waliokuwa wakiosha vyombo walisikia.

"Mbegu ya boma haitembezwi Kiandutu. Utaipanda wapi, kwa sufuria?"

Wanawake wakacheka. Waceke naye akacheka kidogo, kisha akainama akaendelea kusugua. Hakuomba tena, mwaka huo wala mingine iliyofuata.

Kilichomfanya Waruguru akatae alikijua mwenyewe, ingawa alikificha hata alipoomba Mungu. Mbegu ile ndiyo iliyomfanya awe mtu katika nyumba ya Wangeci. Ikiota Kiandutu, ikiota Juja, ikiota kila mahali, yeye angekuwa nani? Wengine walimwomba pia, jirani mmoja na mke wa mchungaji, na wote aliwapa majibu ya kuwafukuza. Githigu yake aliila na watoto wake, akabakisha ya mbegu, akaitundika juu ya moto. Mwaka ukaisha, mwingine ukaja.

Gachau akafa naye. Watoto wakatawanyika, akabaki Eddie, kitinda mimba, anayeuza katika duka la vifaa vya ujenzi Ruiru. Eddie ni kijana mwenye huruma. Daktari alipomwambia mama yake kwamba macho yanayomtiririka ni ya moshi, Eddie hakungoja. Mwaka jana mwezi wa nane alibomoa jiko la mabanzi, akamjengea mama yake jiko la mawe lenye sakafu ya vigae na meza ya gesi yenye vichomeo viwili. Kwa heshima ya nyanya yake aligongomea ndoano mbili darini, juu kabisa ya ile gesi, akamwambia mama yake kwamba mahindi ya cucu yana mahali pake.

Waruguru akayatundika. Majirani walipokuja kuona jiko jipya aliwaonyesha vigae, kisha akawaonyesha mihindi ile iliyoning'inia juu ya gesi, maganda yamefungwa miwili miwili kama alivyofundishwa, akasema kwamba maendeleo ni maendeleo lakini mila hatuachi. Wakamsifu. Kuanzia mwezi wa nane hadi wa tatu alichemsha chai chini yake, akachemsha githeri chini yake, mvuke ukapanda ukaingia ndani ya maganda, na yeye akifurahia macho yake yaliyopona.

Mwezi wa tatu mawingu yalipoanza kukusanyika alipanda kwenye kiti ayashushe. Muhindi wa kwanza ulikuwa mwepesi mkononi. Alipofunua maganda, unga ulimwagika kwenye vigae, na ndani ya unga huo fukusi wadogo weusi wakaanza kutembea kila mmoja njia yake. Akashusha wa pili, wa tatu, yote. Kila punje ilikuwa na tundu. Alikaa chini sakafuni, mguu mmoja umekunjwa, hakulia. Miaka arobaini aliuona moshi kuwa adhabu ya mpishi, kumbe ndio uliokuwa ukiilinda mbegu, na yeye alikuwa ameshika ile kamba na ndoano akidhani ndiyo mila yenyewe.

Na jambo hili halikuwa siri. Ndani ya sanduku lake kuna daftari la Eddie la darasa la sita, lenye insha juu ya shamba lao la mahindi, iliyopata ishirini na nane kwa arobaini. Katikati, baada ya mahindi kuchezacheza kwa upepo na ndege kuimba kama walimu wanavyopenda, kuna mstari usemao kwamba mbegu ya cucu hukaa ndani ya moshi ili wadudu wasiile. Mtoto aliandika, mwalimu akatia alama ya vema, mama mtu akalikunja daftari akaliweka. Na aliyeandika ndiye aliyeleta gesi.

Aliokota punje sitini hivi zilizoonekana nzima, akazipanda kwenye kile kipande, kila shimo punje mbili. Mimea minne ikachomoza. Mitatu ikakatwa na viwavi, na mmoja uliobaki ukageuka manjano ukanyauka kabla haujafika magotini. Waruguru akazunguka kwa majirani akiuliza kwa kuzungukazunguka, kama mtu asiye na haja, nani bado anapanda githigu. Wakamwambia hiyo wao waliiona kwake tu, na wao hupanda mbegu ya pakiti kutoka duka la agroveti. Basi naye akapanda mbegu ya pakiti kwenye kipande cha mtoni, ili mtu akipita asione pengo akauliza. Hakumwambia mtu yeyote, hata Eddie.

Mwezi wa saba Waceke akapiga simu. Binti yake Maxine, yule aliyekuwa mgongoni siku ile jikoni, amepata mchumba, na wakwe wanaleta mahari Jumamosi ya pili ya mwezi unaofuata. Wazee wa upande wa mama wamesema wanataka uji wa kuchachuka wa githigu, kama ule aliopika Wangeci siku za harusi za watoto wake. Waceke alizungumza kwa adabu nyingi, kama mtu anayeongea na mwenye duka.

"Mama Eddie, si ya kupanda. Usijali. Ni ya uji tu, kopo moja la gorogoro."

Hilo la "si ya kupanda" lilimchoma Waruguru kuliko tusi. Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli wakati huo, simu ikiwa sikioni, na dakika moja ingetosha. Lakini angewezaje kumnyima mtu huyu mara mbili? Akasema ataipata.

Ndiyo maana wiki hiyo alionekana soko la Ruiru akienda kutoka meza hadi meza. Mwishowe akafika kwa Nekoye, mwanamke wa Bungoma anayeuza njugu na maharagwe. Alikuwa na gunia dogo la mahindi ya rangi, punje za zambarau na nyekundu. Nekoye ni muuzaji mkweli kupita kiasi. Alimwambia kwamba hayo ni ya kwao Bungoma, si githigu, na asije baadaye na maneno. Waruguru akasema yeye anatafuta ya uji tu. Akapimiwa gorogoro moja, akaongeza nusu.

Alhamisi kabla ya sherehe aliupeleka mfuko Kiandutu, maana uji wa kuchachuka unataka siku mbili. Chumba cha Waceke kilikuwa kimejaa vyombo vya kuazima, na mlangoni kulikuwa na mtungi wa maji na beseni kubwa tayari kwa kuloweka. Waceke aliufungua mfuko, akatumbukiza mikono yote miwili hadi kwenye vifundo vya mikono. Kisha machozi yakamtoka. Alisema alikuwa amejiandaa kusikia kwamba mvua haikutosha, au kwamba panya wameila. Alisema kama aliwahi kumwekea wifi yake kinyongo, basi Mungu amsamehe.

Waruguru akasema ni sawa tu, akatafuta pa kutazama.

Waceke akateka kiganja kimoja kutoka mfukoni, akakimwaga kwenye meza, akakigawa mara mbili kwa kidole. Nusu moja aliifunga kwenye ncha ya leso yake. Nusu ya pili akaifunga kwenye kipande cha kitambaa, akamwekea Waruguru mkononi.

"Yangu nitaipanda pale kando ya mto," akasema. "Na hii rudi nayo wewe. Mvua ikikataa huko kwako, itakuwa huku kwangu. Ya huku ikifa, nitakuja kwako."

Waruguru alisimama na kile kifurushi kiganjani. Kilikuwa kidogo, hakikuzidi yai. Ndicho alichoombwa miaka kumi na miwili iliyopita, na sasa alikuwa akipewa na mtu ambaye yeye alimnyima. Akatafuta kiti, hakukiona, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama Maxine," akasema, "hii si ya mama."

Akaeleza yote. Alieleza jiko la Eddie, ndoano, unga kwenye vigae, ule mmea mmoja ulionyauka, na Nekoye. Hakujitetea wala hakulaumu gesi. Waceke alisikiliza amesimama, leso mkononi, mpaka mwisho. Angalau angemtukana. Waruguru alikuja kusema baadaye kwamba angelipa chochote atukanwe siku ile.

"Kiganja kimoja tu, Waruguru," Waceke akasema, akimwita jina lake tupu kwa mara ya kwanza katika maisha yao. "Ungenipa kiganja kimoja siku ile, leo mimi ndiye ningekupimia."

Kisha akafungua ncha ya leso, akarudisha punje mfukoni. Akachukua na kile kifurushi kutoka mkononi mwa Waruguru, akakirudisha pia. Akamimina mahindi yote ya Nekoye kwenye beseni, akamwagia maji, akayakoroga kwa mkono. Bila kugeuka akasema wakwe wanakuja Jumamosi, Maxine asijue chochote, na Waruguru asifungue mdomo kumharibia mtoto siku yake.

Jumamosi walikodi hema kwenye kiwanja cha kanisa. Wakwe walikuja na magari sita, nyimbo zikaimbwa getini, watu wakavutana kwa mzaha kama kawaida, wakaingia. Maxine alikuwa amependeza. Uji uliletwa ndani ya vibuyu, na Waruguru akaketishwa mstari wa mbele pamoja na wakubwa wa upande wa mama, kwa sababu kila mtu alijua uji umetoka wapi.

Wa kwanza kunywa alikuwa mama mdogo wa Waceke, Tata Rachael, mdogo wake Wangeci, mwenye miaka zaidi ya themanini. Huyu aliolewa na karani Nairobi na hakuwahi kushika jembe maishani. Alikunywa, akafumba macho, akanyamaza. Halafu akasema huo ni uji wa dada yake, mtu asimwambie lingine. Akasimama kwa mkongojo wake akawasimulia wakwe kisa cha pindo, askari wa getini na mahindi yaliyofyekwa, neno kwa neno kama Wangeci, na hakuna aliyekohoa. Alipofika mwisho alimwelekezea Waruguru mkongojo, akasema huyu ndiye aliyeishika mbegu hiyo mkononi wengine wote walipoiacha. Wanawake wakapiga vigelegele vya ngemi. Mama yake bwana harusi alivuka uwanja mzima kuja kumshika Waruguru mkono.

Kule nyuma, Waceke alikuwa akiteka uji kwenye sufuria. Hakuinua macho.

Ngemi zilipotulia, Tata Rachael alifungua mkoba wake akatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi, akaikunjua magotini mwa Waruguru.

"Mwanangu, mjukuu wangu amenunua ploti Juja, na ana kipande cha kulima. Nifungie kiganja kimoja. Nataka niione ikiota kabla sijaenda."

Waruguru akaitazama ile leso. Akamtazama Waceke, na mara hii Waceke alikuwa amesimama na upawa mkononi, anamtazama.

"Imeisha, Tata," Waruguru akasema.

"Imeisha, na tunainywa?"

Kicheko kikapasuka mstari mzima. Tata Rachael naye alicheka mpaka akafuta macho, akasema kumbe marehemu dada yake alijua kuchagua, mbegu aliiweka mahali ambapo hata mwizi hawezi kuitoa. Mwanamke mmoja kiti cha nyuma akamweleza jirani yake, bila kujisumbua kupunguza sauti, kwamba huyo ndivyo alivyo tangu zamani, alimnyima hata wifi yake siku ya matanga. Tata Rachael akaikunja leso mara nne, taratibu, akairudisha mkobani.

Waruguru alikaa na kibuyu chake mapajani, uso umewaka. Neno la kweli alilosema siku hiyo ndilo lililochukuliwa kuwa uchoyo wake wa kila siku, na hakuwa na ruhusa ya kulieleza. Akawatazama wanawake wale wa mstari wa mbele, mmoja mmoja, wenye mikoba na leso zao. Angekuwa nayo siku hiyo, angewafungia wote, na wa Kiandutu angemfungia wa kwanza.